Chakula cha Nje ya Mlango

Ndugu zangu, kaeni tu, sitawachosha. Ushuhuda wangu wa China mmeshausikia mara mbili katika ukumbi huu, na mara zote mbili mlitoa machozi, mkanipikia. Leo naurudia kwa sababu mlisikia nusu. Mama wa mtoto wangu, aliyeondoka nyumbani kwangu mwaka jana, amekuja. Amekaa pale karibu na mlango, pochi magotini. Ameniambia kwamba nikiiruka ile sehemu, anasimama na kwenda zake.

Wengi mnanijua, miguu yangu haitulii. Kigoma niliiacha baada ya kidato cha nne, nikapita Dar, nikapita Lusaka, nikafika Guangzhou, nikawa nawafungia mizigo wafanyabiashara wetu. Nilikaa kule miaka minane. Chini ya chumba changu kulikuwa na mgahawa mdogo wa mama mmoja na mumewe. Meza sita. Zikijaa, unakaa na watu usiowajua, na hakuna anayekushangaa.

Siku ya kwanza mama yule aliniletea bakuli tupu, vijiti na birika la chai ya moto. Nikamimina chai bakulini, nikanywa. Meza nzima ikacheka. Kumbe watu wa mji ule huanza kwa kusuuza vyombo kwa chai, kisha wanaimwaga. Mama akaja, akalichukua bakuli langu, akalisuuza taratibu huku akinionyesha, kama mtoto wa chekechea. Tangu hapo nikawa nakula kwake karibu kila siku. Alinipa jina, kwa lugha yao maana yake Pilipili, kwa sababu nilimaliza kikopo chake kizima. Nikiingia tu, anapaza sauti kuelekea jikoni kwamba Pilipili amefika. Nawaambia ukweli, bata wake wa kuchoma namkumbuka kuliko baadhi ya wajomba zangu.

Halafu ukaja mwaka wa ugonjwa. Ikasemwa mitaani kwamba sisi Waafrika ndio tunaoueneza. Mwenye nyumba akanitoa. Siku mbili nilizunguka na begi, na kila mgahawa niliogusa mlango wake nilipungiwa mkono nitoke. Siku ya tatu nikaenda kwa mama yangu yule. Mlango umefungwa, yeye yuko ndani, ananiona kwenye kioo. Akatikisa kichwa.

Hapo ndipo huwa naishia, nanyi mnalia.

Sasa sikieni kilichofuata. Alikwenda jikoni, akarudi, akaufungua mlango kidogo. Akaweka kigoda nje. Juu yake akaweka wali na bata, bakuli tupu, vijiti, na birika la chai. Akasema kwa sauti ndogo, "Pilipili, wakikuona ndani wananifungia duka. Kula hapa."

Mimi nikaona ananilisha kama mbwa. Nikakipiga kigoda teke. Birika likapasuka, chai ikammwagikia miguuni. Alikuwa amevaa ndala. Alichuchumaa, akaishika miguu yake. Mimi nikaondoka. Miguu ile ilipona vipi, sijui mpaka leo.

Ndege zilipoanza tena, wenzangu walirudi kwao, mimi nikaja hapa Durban. Nikaoa, tukapata mtoto. Mwenzangu ni mtu wa Uvira, anasuka nywele kule Berea, hana maneno mengi. Nikichelewa kazini, ananiwekea chakula na kukifunika. Nami namuuliza kwa nini wamekula bila mimi, humu ndani mimi ni mbwa? Kwenye harusi za watu nilikuwa naangalia nani amehudumiwa kabla yangu. Siku moja nikaisukuma sahani, mchuzi ukamfikia mtoto mkononi. Namshukuru Mungu ulikuwa umepoa. Mwenzangu akamfuta mtoto, akaniuliza, "Papa, ule mama wa China alikufanya nini kabisa?"

Nikamjibu kwamba alinifungia mlango.

"Hapana. Iko kitu ingine."

Wiki ileile akahamia kwa dada yake, Chatsworth. Na msidhani nilijifunza hapo. Nilimlaumu na yeye.

Kule Clairwood ninakopakua makontena, kuna mama Mzulu anayepika kwenye kibanda karibu na geti. Ndiye aliyekuwa ananilisha mchana. Mwaka huu, walipopita wale wanaoandamana kutaka wageni tuondoke, waliwaonya wenye vibanda wasituuzie sisi wageni. Nikafika saa ya chakula, akaniona, akatikisa kichwa. Ndugu zangu, kichwa kilekile. Nikaenda nyuma ya malori na hasira zangu. Baada ya muda nikamwona anakuja, sahani ameificha ndani ya aproni.

"Eish, bhuti, kaka yangu, pale mbele wananiangalia. Kula hapa. Nisamehe."

Kijiko kilikuwa kinagongagonga sahani mkononi mwake. Nikaipokea. Nikakaa juu ya tairi, nikala nalia, kwa sababu sauti ile niliwahi kuisikia. Kule Guangzhou, mama yule alipoweka birika, kifuniko chake kilikuwa kinagongagonga. Aliogopa, na bado alileta. Tena alileta na bakuli tupu na chai ya kusuuzia. Nani anamletea mbwa chai ya kusuuzia bakuli? Alinitolea meza nje, kwa kuwa ndani hakuweza.

Baada ya kazi nikaenda Chatsworth, nikamwambia mwenzangu yote. Hakunikaribisha ndani. Alisema nikayaseme mbele ya watu walionililia.

Sisemi waliotufukuza walikuwa na haki. Mji ule ulitutesa, na huu unatutesa, na uchungu ninao hadi sasa. Lakini makosa ya mji mzima niliyamwaga kwenye miguu ya mtu mmoja, kisha nikayaleta kwenye sahani ya mtoto wangu. Namshukuru mama wa Clairwood. Nawashukuru ninyi mlionipikia, ingawa niliwadanganya. Ukisimulia jinsi ulivyoteswa, usiiruke sehemu ambayo mkono wako ulifanya kitu. Mimi niliiruka, ikanifuata hadi mezani kwangu. Na mliowasimulia wengine ile nusu ya kwanza, nawaomba muwasimulie na hii.

Nimemaliza. Pochi bado iko magotini, naiona. Lakini hajasimama.