Wasifu wa Marehemu Pius Ndalahwa Kashindye, Aliyeimba "Getruda Fungua Dirisha"

Wengi wenu mliofika hapa Kahangara leo mlimfahamu marehemu kwa dakika nne na nusu, ambazo ndizo urefu wa wimbo wake. Familia inawashukuru kwa dakika hizo. Lakini mzee wetu aliishi miaka sabini na mmoja, na hiyo mingine ndiyo tunayoisoma sasa, kwa ufupi, maana jua ni kali na wazee wamesimama.

Pius Ndalahwa Kashindye alizaliwa tarehe 19 Machi 1953 hapa hapa Kahangara, wilaya ya Magu, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Kashindye na Mama Wilhelmina, wakulima wa pamba na mpunga. Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1962 hadi 1968. Mwalimu wa kwaya alimtoa mstari wa mbele akampeleka nyuma kabisa, si kwa kuimba vibaya, bali kwa sababu wenzake walikuwa wakinyamaza ili wamsikilize yeye. Mama yake alilalamika. Mwalimu akamjibu kwamba kwaya ni ya watoto arobaini, si ya mmoja na wasikilizaji wake.

Mwaka 1972 alihamia Mwanza mjini, akaajiriwa kuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kuchambua pamba. Vijana huenda hamjui, lakini zama hizo bendi haikuwa ya wanamuziki. Ilikuwa ya kiwanda, kama lori na mizani zilivyokuwa za kiwanda. Magitaa yalifungiwa stoo, na mwimbaji alikuwa mfanyakazi kama wengine. Kuanzia mwaka 1976 marehemu alipima pamba Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi akaimba ukumbini Kirumba pamoja na Ngosha, mpiga gitaa la solo na rafiki yake wa kufa na kuzikana.

Mwaka 1980 bendi ilihitaji sare. Kazi akapewa fundi cherehani wa Igoma, Teodora Kokulinda, binti wa Kamachumu aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake. Teodora alimpima Pius mikono mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa ya kazi. Hizo nyingine mbili Pius alirudi mwenyewe, akidai mkono wa kushoto wa shati umekuwa mfupi.

"Kaka yangu," Teodora alimwambia, "shati halina tatizo. Mkono wako ndio unaorefuka kila ukifika hapa."

Basi akamtungia wimbo. Alikaa nao karibu mwaka mzima, akibadilisha neno hili na lile, na Julai 1981 bendi ikaupiga ukumbini Jumamosi zote nne. Teodora hakuusikia. Shangazi yake alikuwa mtu wa kanisa, na msichana wa nyumba ile hakukanyaga dansini. Pius hakujali. Agosti walikuwa wanakwenda Dar es Salaam kurekodi nyimbo za redioni, na redio shangazi alikuwa nayo.

Walisafiri kwa treni siku mbili. Njiani kiongozi wa bendi akahesabu nyimbo akaona umepungua mmoja, akamwambia Pius atunge chochote. Ndipo akatunga "Getruda Fungua Dirisha", kabla treni haijafika Dodoma. Jina alilitoa ubavuni mwa mtumbwi wa dagaa aliouona Kirumba. Hapakuwa na msichana. Tunalisema hili mbele ya kaburi lake, mlisikie kwa mara ya mwisho: Getruda hakuwa mtu.

Kanda zilibaki redioni kama ilivyokuwa desturi, na wanamuziki wakarudi Mwanza mikono mitupu. Kufikia Krismasi, Getruda ulikuwa unaimbwa nchi nzima, hadi na watoto waliotumwa maji. "Teodora" haukupigwa hata mara moja. Wapo waliosema ulikuwa mrefu, wapo waliosema kanda ilikwaruzika. Ukweli hatukuupata, wala sasa hatuutafuti.

Ndoa ilifungwa kanisani Kamachumu, Jumamosi tarehe 8 Mei 1982. Wageni wakambana bwana harusi aimbe Getruda, naye akaimba, bibi harusi akiwa amekaa pembeni yake na shada la maua mapajani. Jioni ile bibi harusi alimuuliza mumewe swali moja tu.

"Getruda ni nani?"

"Ni mtumbwi."

"Mtumbwi?"

"Wa dagaa. Upo Kirumba."

"Vizuri. Tukirudi Mwanza utanipeleka nikausalimie."

Jumapili iliyofuata walikwenda. Mtumbwi waliukuta umepakwa rangi mpya, na ubavuni umeandikwa "Mungu Mkubwa". Mwenyewe alikuwa ameuuza. Miaka ya baadaye Mama Teodora alikuwa akisimulia habari hii huku akicheka mpaka anafuta machozi kwa kanga, lakini mwaka ule wa kwanza hakucheka. Tangu hapo alimwita Getruda mke mwenzake. Wimbo ukianza redioni alikuwa akisema, "Haya, mwenzangu huyo amefika. Mpisheni."

Marehemu alimwahidi: upo wimbo wako, utausikia redioni. Mkewe alimwomba mara nyingi amwimbie tu pale pale jikoni. Hakukubali. Alisema bila gitaa la Ngosha atakuwa amempa ugali bila mboga. "Subiri kidogo, mama, utausikia ukiwa umekamilika." Alikuwa mtu mpole sana, baba yetu, lakini katika hili alikuwa na kiburi cha fundi, na tutakuwa tunadanganya tukilificha.

Walibarikiwa watoto wawili, Cleophace mwaka 1983 na Celestina mwaka 1986. Shuleni walimu walimwita Celestina "Getruda". Mtaani baba yake aliitwa Baba Getruda, na Mama Teodora, kwa heshima kabisa, watu walimwamkia, "Shikamoo, Mama Getruda." Aliitikia marahaba.

Bendi ilikufa mwaka 1987 magitaa yalipochakaa. Kiwanda kilifungwa mwaka 1994, na marehemu akafungua kibanda cha ufundi redio Igoma. Siku moja mteja alikuja kuchukua redio yake, ikawashwa, ikawa inapiga Getruda. Mteja akatikisa kichwa akasema, "Muziki ulikuwa zamani. Huyu jamaa nasikia alishafariki." Marehemu akaendelea kufunga skrubu. "Ndiyo," alisema, "hata mimi nilisikia."

Kila mwezi alinunua kadi za salamu, zile ambazo msikilizaji anaandika majina ya anaowasalimu na wimbo anaoutaka. Alijaza kwa hati nzuri ya karani: Mimi Pius Kashindye wa Igoma, nawasalimu mke wangu Teodora na wanangu, naomba wimbo "Teodora". Mtangazaji alisoma majina yote bila kukosea, akamsifu mzee wetu wa zilipendwa, kisha akapiga Getruda. Mama Teodora naye alikuwa ameacha cherehani ili asikilize. Akisikia gitaa la kwanza tu, alikanyaga tena pedeli akaendelea kushona.

Mama Teodora alifariki ghafla kwa shinikizo la damu tarehe 2 Novemba 2009. Hakuugua hata siku moja, hivyo hapakuwa na muda wa kumwimbia chochote. Vijana wa mtaa walikodi spika, na kwa nia njema kabisa ya kumfariji mzee, wakapiga Getruda jeneza lilipokuwa linatolewa nyumbani. Waombolezaji wengine waliitikia kiitikio. Mzee alisimama mlangoni akawashukuru vijana wale mmoja mmoja kwa mkono. Jioni, baada ya kumzika mkewe hapa Kahangara, akaingia ndani na mdogo wake, Bernadeta, akafunga mlango.

"Bernadeta," alisema, "nimemzika na mke mwenzake. Miaka ishirini na saba namwambia asubiri. Ningeimba hata bila gitaa."

Hakuimba tena mahali popote baada ya siku ile, hata kanisani. Alifungua mdomo tu.

Miaka kumi na mitano iliyofuata aliishi peke yake Igoma. Celestina, ambaye ni mwalimu na ndiye anayesoma maneno haya, alimwomba ahamie kwake Buswelu. Alikataa, akidai wateja watampoteza, ingawa redio za kutengeneza hazikuwa zinaletwa tena. Kila mwaka walikuja waandishi wa vipindi vya zilipendwa. Aliwachemshia chai, akawasimulia habari za Getruda kama walivyotaka. Alipoanza kusema kulikuwa na wimbo wa pili, walikuwa wanakunja waya zao. Walimwambia watarudi, na yeye aliweka vikombe vyao mahali pake akawasubiri. Ngosha alikuwa amefariki mwaka 2003, na wa mwisho wa wenzake wa bendi alizikwa mwaka 2018. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza, "Unakumbuka?"

Mwaka 2023 figo zilianza kushindwa kazi, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki hapo Mwanza. Hakulalamika. Alisema sindano ni nafuu kuliko nyumba yenye ukimya.

Januari mwaka huu Celestina alimpelekea simu kitandani, akamwomba auimbe wimbo wa mama ili aurekodi. Alifurahi. Aliomba ainuliwe, akanywa maji, akaimba mstari wa kwanza: "Teodora, kipimo chako hakikosei." Mstari wa pili ukatoka kwa mahadhi ya Getruda. Akaacha, akaanza upya. Mara ya tatu ilikuwa vile vile.

"Wimbo umenipotea, mwanangu," alisema. "Huyu mwingine amekaa kila mahali."

Alilia, na binti yake akalia naye. Ilikuwa siku ya huzuni kuliko hii ya leo.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa tatu asubuhi, Celestina akiwa amemshika mkono. Ameacha watoto wawili, Cleophace na Celestina, wajukuu watano, mdogo wake Bernadeta, na ndugu na majirani wengi wa Kahangara na Igoma. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wanajumuiya, na wote waliomtembelea.

Familia ina maombi mawili. La kwanza, vijana wenye spika, tunawapenda, lakini leo msiupige. La pili, tunajua hapa wapo watu wazima waliocheza ukumbini Kirumba zile Jumamosi nne za Julai 1981. Kama unaukumbuka mstari wa pili, au wowote, tunakuomba usione haya. Huhitaji gitaa, wala sauti nzuri. Kaburi alilolala Mama Teodora ni hilo la pembeni, atasikia. Njoo mbele kabla hatujafukia. Majembe yatasubiri.

Bwana akupe pumziko lenye utulivu, Pius Ndalahwa Kashindye, mume wa Teodora.