Mwalimu Mmejuaje, Aliyekaa Nje Siku ya Maonyesho

"Bibi, mbona siku ya maonyesho walimu wote wako ndani, na wewe umekaa huku nje peke yako?"

Swali hilo marehemu aliulizwa mwaka 2015 na mjukuu wake, huyu anayewasomea, wakati huo akiwa darasa la pili na meno ya mbele hana. Marehemu alikuwa kwenye benchi fupi la barazani, nje ya chumba cha darasa la tano, magoti yamempanda hadi kifuani, maana benchi lile lilitengenezwa kwa ajili ya watoto. Ndani watu walikuwa wakipiga makofi. Akasogea kidogo ili mjukuu naye apate pa kukaa, akasema, "Swali zuri. Litunze." Basi. Mjukuu akalitunza, kwa sababu kwa Bibi mtu hakupewa jibu kwa kulililia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Baba yake alitunza taa za ishara na mama yake alikuwa mshonaji. Inasimuliwa kwamba siku moja alisimama kando ya cherehani akitaka kuona uzi wa chini unakutana vipi na uzi wa juu, akasogea, akasogea, mpaka mkono wa gauni lake ukashonwa pamoja na shati la mteja. Mteja alipouliza mtoto ana nini, mama yake alijibu huku akifumua, "Haumwi. Ana kwa nini."

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, kisha sekondari ya wasichana ya bweni, na mwaka 1971 akaingia chuo cha ualimu, alikohitimu mwishoni mwa mwaka 1972. Hakuwa mwanafunzi mtulivu. Akiwa darasa la nne aliuliza sifuri ilitoka wapi, na mwalimu wa hesabu akaona anadhihakiwa, akamtoa nje hadi kipindi kiishe. Uzeeni bado alikuwa akisema kwamba ukuta wa darasa, ukiuegemea kwa nje, una baridi yake ambayo walio ndani hawaijui.

Alianza kazi Januari 1973 katika shule ya msingi ya mtaani kwetu, na hakuhama mpaka alipostaafu mwaka 2013. Hata baada ya kustaafu alikwenda kila Jumatano, bila kuitwa, kuwalea watoto wa darasa la tano katika mradi wa uchunguzi aliouanzisha mwaka 1986. Mradi wenyewe ulikuwa hivi: watoto wanachagua swali moja ambalo mwalimu hana jibu lake. Wanagawana kazi, hawa wapime, wale wahoji watu, wengine wachore. Kisha kila kundi linalifundisha kundi jingine kile lilichokiona, na mwishoni wazazi wanaalikwa kwenye maonyesho. Mwaka mmoja waliuliza kwa nini mbuzi wa mlinzi anakula karatasi za daftari lakini hali gazeti. Ikabainika kwamba gazeti pia analipenda sana, ila mlinzi humnyang'anya kwa sababu hajamaliza kulisoma.

Alikuwa na sheria moja. Sentensi haiandikwi kwenye bango mpaka kila mtoto wa kundi aweke kidole mahali itakapokaa na kusema, "Nimeona." Mmoja akizuia kidole chake, kalamu inafunikwa, wote wanarudi kutazama upya. Haikujalisha kama anayezuia ndiye mdogo kuliko wote au ndiye anayeburuta mkia darasani. Na watoto wakikimbilia kusema wanajua, yeye aliwauliza, "Mmejuaje?" Jina lake likatoka hapo, na wengi wenu hapa hamkuwahi kumwita kwa jina jingine.

Tarehe 18 Desemba 1976 aliolewa na seremala aliyekuja shuleni kukarabati madawati. Walikutana kwa ubishi. Alimuuliza kwa nini anatoboa mbao kwanza kabla ya kupiga msumari.

"Isipasuke," fundi akajibu.

"Umejuaje?"

"Nimezipasua nyingi, Mwalimu."

Marehemu alisema alimpenda papo hapo, kwa kuwa alikuwa mwanamume wa kwanza kumsikia akitaja makosa yake bila kuulizwa mara mbili. Mungu aliwajalia watoto watatu: baba yake msomaji, shangazi, na baba mdogo.

Sasa, ndugu wapendwa, tumefika kwenye jambo ambalo marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe, na familia inalisoma ikiwa imeinamisha vichwa.

Mwaka 1994 darasa la tano liliuliza kwa nini wanaokaa madawati ya nyuma husinzia mchana. Jengo lilikuwa jipya, na kila mtu alijua kwamba madirisha yake ya mbao yalitengenezwa na mume wa Mwalimu. Siku ya kulizindua alisimamishwa akasifiwa, akiwa amevaa koti juani. Watoto wakaanza kupima. Kundi la vipimo liliongozwa na msichana mwembamba, binti wa dereva wa lori, aliyebeba kipimajoto cha shule kama mtu aliyebeba yai bichi. Wenzake wakamwita Kipimajoto. Wakakuta nyuma kuna joto kuliko mbele. Wakatafuta sababu, na sababu ikaonekana: madirisha ya nyuma yalifungukia ndani, yakawa yanawagonga vichwa waliokaa pale, kwa hiyo watoto walikuwa wameyakaza kwa misumari iliyopindwa, hayafunguki tena. Hewa haikuwa na pa kupita. Kikulacho ki nguoni mwako. Na safari hii nguo ilikuwa ya nyumbani kwa Mwalimu.

Matokeo hayo Mwalimu aliletewa siku moja kabla ya maonyesho. Kamati ya shule ingekuja, wazazi wangekuja, na safu ya mbele kabisa angekaa mume wake na lile koti. Akawaambia watoto waandike kwamba wanaokaa nyuma husinzia kwa sababu nyumbani wanachelewa kulala.

"Mwalimu, hilo hatujaliona," Kipimajoto akasema.

"Ni sababu mojawapo."

"Anayechelewa kulala ni mmoja tu, na huyo anakaa mbele."

Wenzake wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Weka kidole."

"Nimeona nini sasa?"

"Weka kidole, mama, tumalize. Jua linazama."

Akaweka kidole. Lakini hakusema "nimeona." Mwalimu akaiandika sentensi hivyo hivyo, kwa mkono wake mwenyewe, kwa mwandiko ule mzuri ambao sote tunaujua.

Kesho yake maonyesho yalifana. Mwenyekiti wa kamati aliwaasa wazazi wawalaze watoto mapema, na wazazi wakawatupia watoto wao jicho la "tutaonana nyumbani." Mwalimu akaombwa asimame apigiwe makofi. Akiwa amesimama, aliona kupitia mlangoni Kipimajoto ametoka, amekaa kwenye benchi la barazani, ameligeuzia darasa mgongo. Alimwona vizuri. Hakumfuata.

Jioni ile Babu alirudi nyumbani amefurahi. "Watoto wako wamesema kweli tupu," akamwambia mkewe. "Hata huyu kitinda mimba wetu analala saa za popo."

"Hawakusema wao. Nimesema mimi."

"Kuhusu kulala?"

"Kuhusu madirisha yako."

Babu akaweka kikombe chini. "Yana nini?"

"Yanafungukia ndani."

"Mke wangu, yanafungukia ndani ili mvua isiyaozeshe. Hilo nililifikiria."

"Na vichwa vya watoto, ulivifikiria?"

Babu anasema alikasirika, na si kwa sababu ya madirisha. Alikasirika kwa kuwa aibu ilikuwa yake na mkewe akaificha bila kumuuliza kama anataka ifichwe. "Aliniona mdogo kuliko nilivyo," anasema mpaka leo, na akisema hivyo huangalia mikono yake.

Mngedhani Mwalimu alirudi darasani kesho yake akasahihisha. Hakusahihisha. Alisema atawaambia Jumatatu. Jumatatu akaona ni heri wiki inayofuata, mkaguzi akishaondoka. Wiki inayofuata ikawa ya mitihani, na mitihani ikazaa likizo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye aliuacha ufa ule akiutazama kila siku akiingia darasani. Shule ilipofunguliwa ndipo alipopata nguvu. Alisimama mbele ya watoto akawaambia kwamba waliona sawasawa na kwamba yeye ndiye aliyeandika uongo, akijua. Babu alikuja na bisibisi akaanza kugeuza bawaba wakati kipindi kinaendelea.

"Fundi, kumbe ulikosea?" mtoto mmoja akamuuliza.

"Nilikosea."

"Ulijuaje?"

"Mke wangu kaniambia."

"Na yeye alijuaje?"

Babu akawanyooshea bisibisi wao wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Alipofika dawati la Kipimajoto, lilikuwa tupu. Baba yake alihamishiwa mji mwingine wakati wa likizo, na familia nzima ikapanda lori pamoja na vitanda. Mwalimu aliuliza kwa majirani, akauliza kwa madereva waliopita njia ile, kila mmoja akamtajia mji wake. Hakumpata. Mtoto yule aliondoka akijua kwamba kidole chake kililazimishwa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alikuwa sahihi.

Tangu mwaka uliofuata, siku ya maonyesho Mwalimu hakuingia ndani. Aliwaandaa watoto, akawafunga vifungo vya shati, akawasukuma mlangoni, yeye akabaki barazani. Walimu wenzake walidhani ni unyenyekevu. Jirani yetu alidhani anazikwepa hotuba, akamsifu kwa akili hiyo. Sisi wa nyumbani hatukudhani lolote, tulizoea tu, kama mtu anavyozoea saa ya ukutani iliyosimama.

Marehemu alianza kuugua Agosti 2022. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na hospitali ikaeleza kwamba tatizo ni moyo. Mjukuu aliuliza inakuwaje moyo uugue halafu ivimbe miguu. Nesi akaeleza kwamba moyo ukichoka kusukuma, maji hujikusanya chini.

"Umejuaje?" mgonjwa akamuuliza kutoka kitandani.

Nesi akacheka, akabonyeza mguu wake kwa kidole. Alipoutoa mkono, shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa. Marehemu akalitazama kwa makini, akamwambia mjukuu naye abonyeze. Mjukuu akabonyeza.

"Haya, semeni."

"Nimeona," nesi akasema.

"Nimeona," mjukuu akasema.

"Nami nimeona," akasema marehemu. "Sasa andikeni."

Aprili mwaka huu, akiwa nyumbani, alimsimulia mjukuu habari za Kipimajoto tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akaagiza, "Wasifu wangu ukisomwa, msinipake sukari. Lile la kidole lisomwe." Agizo hilo lilileta maneno. Shangazi alikataa katakata: mambo ya ndani hayasomwi kaburini, na watu watasema mama yetu alikuwa mwongo. Baba mdogo alisema kila marehemu huwa malaika siku ya mazishi, kwa nini wetu apunguziwe mabawa. Ndipo Babu, ambaye tulidhani amesinzia kwenye kiti, akasema bila kufumbua macho, "Soma, mjukuu wangu. Madirisha yalikuwa yangu." Shangazi akalia. Kisha akamsaidia mjukuu kupanga tarehe.

Marehemu alifariki dunia asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, hospitalini, mume wake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na watoto wa darasa la tano wa miaka yote, ambao baadhi yao naona mna mvi.

Familia ina ombi. Kipimajoto, kama yu hai, sasa amepita miaka arobaini. Huenda ni mama wa watoto, huenda hakuwahi tena kunyoosha mkono darasani; hatujui, na kutojua huko ndiko kulikomtesa Mwalimu kuliko maradhi. Yeyote anayemfahamu amfikishie maneno haya: alipima sawasawa. Madirisha ya nyuma yanafungukia nje, na wanaokaa pale siku hizi wanasinzia kama wenzao wa mbele, si zaidi.

Mwenyezi Mungu ampokee mama yetu, bibi yetu, Mwalimu wetu. Ampe pumziko jema, na wala asichoke atakapoulizwa amejuaje.

Limebaki swali la benchi. Siku ile ya Aprili, alipomaliza kusimulia, mjukuu alimwambia, "Bibi, lile swali langu la darasa la pili bado nimelitunza." Akaomba ainuliwe kidogo kwenye mto. Akatazama dirishani.

"Nilikuwa nakaa naye," akasema. "Siku ile nilimwacha peke yake, nikabaki ndani napigiwa makofi."