Nyumba Inayotazamana na Mochwari

Benchi lile lilikuwa na miguu mitatu na tofali, na kila aliyelikalia alijua mahali pa kununua nyumba kuliko mwenye nyumba mwenyewe. Lilikaa mbele ya kibanda cha fundi viatu, na birika la kahawa lilikaa katikati ya wanywaji. Alasiri hiyo fundi alikuwa akigonga kisigino cha kiatu. Kwenye sanduku lake la vifaa, chini ya vipande vya mpira, kulikuwa na hati ya nyumba aliyoitia saini asubuhi bila kumwambia mkewe. Vyumba viwili, bati zima, maji hayakatiki, na mlango unatazamana na mochwari ya hospitali. Angemwambiaje? Akaona aipime hewa kwanza.

— Kuna rafiki yangu, alisema bila kuinua kichwa, kanunua nyumba inayotazamana na mochwari.

Ramani, dalali aliyepewa jina hilo kwa kuchora viwanja mavumbini, nusura amwage kahawa.

— Huyo rafiki yako kalogwa?

— Ana akili zake timamu.

— Timamu gani! Nyumba ni mahali, fundi. Mahali! Angekuja kwangu ningempa kiwanja kule mlimani. Akachukua kijiti, akachora. Hapa inapita barabara kuu.

— Mbona mimi kule naonaga mbuzi tu?

— Barabara inakuja. Hao mbuzi wameishikia nafasi.

Mwalimu mstaafu, ambaye kila mtu alimwita Utafiti, alikohoa kwanza.

— Utafiti unaonyesha kwamba jirani na mochwari usingizi huwa mzito kupita kiasi. Kuna bwana mmoja alilala Ijumaa, akaamka Jumanne. Kazini wameshamchangia rambirambi.

— Alizirudisha?

— Utafiti haukufika huko.

— Hilo dogo, alidakia Kinyozi. Huko nywele zinaota mara tatu kwa siku. Ni ile baridi ya majokofu.

— Basi si uhamishie saluni yako huko, utajirike?

— Mimi? Nikae na maiti? Thubutu!

— Na akitaka kuiuza je? Ramani alipigilia msumari wa mwisho. Mteja atakayefika pale atakuwa amebebwa!

Wakacheka mpaka benchi likayumba. Fundi naye alicheka, ila kwa kuchelewa. Moyoni alijiona mjinga wa kutupwa. Saini moja tu, na sasa mke wake atafungua mlango kila siku aone jeneza.

Na ndipo mwenyewe akatokea, mkunga wa hospitali hiyohiyo, sare imekunjamana, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alikuwa ametoka zamu, akabadili magari mawili na kuupanda kwa miguu mlima wa kurudi nyumbani.

— Shemeji, karibu! Njoo umcheke rafiki wa mumeo. Kanunua nyumba mbele ya mochwari.

Hakucheka. Alimpa mumewe kiatu kilichokatika mkanda, akaegemea nguzo ya kibanda.

— Mochwari ipi?

— Ya hospitali yenu, shemeji!

— Kutoka geti la wodi ya wazazi mpaka kwenye nyumba hiyo ni hatua ngapi?

Ramani alichora mstari, akaufuta. Utafiti alitazama ndani ya kikombe. Kinyozi alisema ni karibu, kisha akasema siyo karibu sana.

— Mia mbili na kumi, alisema fundi.

Wote wakamgeukia. Nyundo ilikuwa imesimama hewani.

— Rafiki yako ndiye kahesabu? aliuliza mkewe.

— Nimehesabu mimi. Rafiki hayupo, mama watoto. Nisamehe. Niliogopa wataiwahi wengine, halafu nikaogopa kukwambia.

Akaitoa hati, imejaa vumbi la mpira. Mkewe aliisoma mstari kwa mstari.

— Hao majirani nimefanya kazi ukuta kwa ukuta nao miaka kumi na mmoja, alisema mwishowe. Hawapigi muziki, hawagombani, hawajawahi kuniomba chumvi. Mlima ndio umeniua mimi.

Fundi alitia uzi kwenye sindano. Ramani alianza kusema kwamba hata yeye, kwa kweli, siku zote alilipenda eneo lile, na Kinyozi akamziba mdomo kwa kikombe.

— Lakini mia mbili na kumi ni kwa miguu yako, mkewe alisema. Yangu mifupi.

— Ni kwa yako. Nilitembea polepole, unavyotembea ukitoka kazini.

Mkunga akamsukuma Utafiti kidogo, akaketi kwenye benchi lile kwa mara ya kwanza, akanyoosha miguu.

— Shona basi upesi, alisema. Nataka nikazihesabu mwenyewe.