Kibanja Kilichotoka Jalalani

Kina mama wenzangu, nimeombwa niseme, na nitasema nikiwa nimesimama. Nikikaa nitalia, nanyi mtaanza kunihurumia badala ya kunisikiliza. Watu sitawataja. Wengine bado wapo, na wengine ni ndugu zenu ninyi mliokaa hapa.

Miaka ile ya ujamaa nilifiwa na mume wangu, kule upande wa Muleba. Mtoto hatukujaliwa. Matanga hayajaisha vizuri, shemeji yangu akaniita nyuma ya nyumba, akaniambia kibanja ni cha ukoo na mimi si wa ukoo. Migomba niliyoipalilia tangu niolewe, mibuni niliyoichuma, vyote nikaviacha huko. Nikarudi kwetu, huku karibu na Bukoba. Kaka yangu alinipokea kwa mdomo tu, na mkewe hakunipokea hata kwa huo mdomo.

Ndugu zangu, nawaambia, njaa haikunitisha sana. Kilichoninyima usingizi ni kaburi. Nyote mnajua kwetu mtu huzikwa kwenye kibanja, migomba imemzunguka. Asiye na kibanja huzikwa rweya, kwenye majani yale ya kulishia ng'ombe, kama mtu asiyetoka popote. Nilikuwa bado na nguvu zangu, lakini kila nilipopita rweya nilijiona nimelala pale.

Rweya ya kijiji chetu ilikuwa changarawe tupu. Tulilima shamba la ujamaa pale, mahindi yakatoka mafupi hata kuku waliyadonoa bila kunyoosha shingo. Wakati huohuo mji ulikuwa unatafuta mahali pa kumwaga taka za soko. Wakubwa wa mji wakaja, wakataka kulichukua eneo lote na kuweka mtu wao. Tulibishana mkutanoni mpaka jua likageuka. Mwishowe mwenyekiti akawajibu kwa upole kwamba lori lije, lakini jalala litakuwa la kijiji, na kitakachooza humo ni chetu. Nadhani walicheka njiani. Nani anagombea taka?

Kazi ya jalala ilikosa watu. Tukapelekwa sisi tusio na wa kututetea: mimi, wajane wenzangu wachache, na mwanamke mmoja aliyeachika, ambaye ndiye alikuja kuwa rafiki yangu. Tulichambua. Makopo na chupa tulivitupa kwenye shimo refu la peke yake. Maganda ya ndizi, majani na maganda ya kahawa tuliyapanga kwenye mashimo mengine, tukifunika kwa udongo. Harufu ile haitoki kwa sabuni. Kanisani watu walisogea, wakatuachia benchi zima, na rafiki yangu akaninong'oneza kwamba angalau tunakaa kwa nafasi.

Mbolea ikaiva. Wenye vibanja vilivyochoka wakaanza kuja na vikapu vyao, wanalipa huku wanaangalia pembeni. Kwa fedha hiyo kijiji kiliezeka zahanati kwa mabati, na sisi wa jalala tukapata mgawo wetu, tukanunua chumvi na khanga bila kumwomba mtu. Mashimo yaliyojaa tukayapanda migomba, nayo ikashika vizuri kuliko tulivyotegemea.

Halafu rafiki yangu akakanyaga kipande cha bati. Alikifunga kidonda kwa kitambaa, akaendelea na kazi. Pepopunda ikamshika. Alikufa amekaza meno, mkono wake umo mkononi mwangu. Hapo mniruhusu nisiseme zaidi.

Ikaja shida ya wapi azikwe. Aliyekuwa mumewe akatuma jibu kwamba yule hakuwa mke wake tena. Kaka zake wakasema aliolewa akatoka. Mwili umelala ndani, umefunikwa mkeka, na wanaume wanarushiana maneno uani. Wakaafikiana azikwe kwenye rweya iliyobaki, ng'ambo ya kijito. Mimi sikuwahi kusema mbele ya wanaume. Siku ile nilisema, kwa sababu niliona ni mimi wanayenipeleka ng'ambo.

"Mzikeni jalalani," nikasema. "Pale kwenye migomba."

Mwenyekiti akaniuliza, "Mama, pale ni kibanja cha nani?"

"Cha kijiji. Na udongo wake ameutengeneza yeye. Kama yeye hana haki pale, ni nani mwenye haki?"

Jalala lingekuwa la mji, tungeambiwa tusubiri kibali. Lakini lilikuwa letu, na wa kuamua walikuwa palepale uani. Mzee mmoja, katika wale waliokuwa wakitukimbia kanisani, akaenda kwake akarudi na jembe. Wengine wakamfuata.

Namshukuru mzee yule. Namshukuru mwenyekiti aliyekataa kuliachia jalala, na wanawake tuliochafuka pamoja. Hata shemeji yangu simwachi: kibanja chake kilipochoka alituma watu kwetu wachukue mbolea, akalipa kama wengine. Viatu vya mpira tuliletewa baada ya msiba, na hilo bado linaniuma.

Ninachowaachia ni hiki. Mlichonacho pamoja, hata kama ni taka, msimwachie mwingine akimiliki, maana mwenye kitu ndiye anayesema nani ana mahali na nani hana. Mimi nimezeeka. Nikifa msihangaike kuuliza ukoo wangu. Nilazeni ubavuni mwa rafiki yangu, na mkungu mtakaoukuta umekomaa pale, kateni muwapikie waliokuja kunizika.