Kitabu Kilichomnyamazisha Radi

Benchi lenyewe lilikuwa kiti cha nyuma cha basi bovu. Kiling'olewa kikawekwa nje ya chumba cha kinyozi, na ngozi yake ilikuwa imepasuka pale pale kila mtu anapopenda kukaa. Kinyozi mwenyewe wanamwita Kipara, maana kichwani hana hata unywele wa kuazima. Saa nne asubuhi Mzee Mabano anakuwa ameshafika na chupa yake ya kahawa. Huyu alifundisha shule miaka thelathini, na mpaka leo hamalizi sentensi bila kusema "kwenye mabano." Spana, fundi magari, hukaa ukingoni ili aone gari lolote linalokohoa. Ng'ambo ya barabara ndipo ilipo karakana ya Radi, fundi wa kuchomelea mageti. Jina hilo hakupewa bure. Akianza kugomba, mteja aliye kwenye kiti cha Kipara hushtuka mwili mzima, hivyo Kipara amejifunza kuinua wembe kabla Radi hajafika neno la pili. Lakini asubuhi hiyo kulikuwa shwari, na watu wa benchi walikuwa wanaitazama karakana kama watu wanaotazama mlango wa chumba cha mgonjwa.

— Rudia, Spana akasema. Mimi jana sikuwepo. Rudia polepole, usiruke kitu.

Kipara akarudia kwa mara ya nne. Jana mchana geti jipya la Radi, kazi ya siku tisa, maua ya chuma juu mpaka chini, lilikuwa limeegemezwa ukutani likisubiri rangi. Akaja mteja na gari lake, akarudi nyuma bila kutazama, akalikunja geti katikati kama mkeka.

— Mimi nilikuwa namnyoa mtu ndevu. Nikainua wembe. Nikangoja. Yule dada wa nyanya pale akaziba masikio kabisa. Mtaa mzima ulingoja.

— Halafu?

— Radi akatoka. Akavua ile miwani yake ya kazi. Akalitazama geti. Akafumba macho, kifua kikapanda, kikashuka. Akaenda mpaka kwenye dirisha la gari, akainama. Akasema, "Ndugu yangu, hujaumia?"

Spana akaweka kikombe chini.

— Hujaumia?

— Hujaumia. Kwa sauti kama hii yangu ninayokuambia.

— Basi anakufa yule. Mtu habadiliki hivyo akiwa mzima. Mjomba wangu alianza kusalimia watu kwa upole siku ya Jumatatu, Ijumaa tukamzika.

— Si ugonjwa, Mzee Mabano akasema. Ni kitabu.

— Kitabu gani?

— Nimekiona kwa macho yangu, kwenye sanduku lake la vifaa, katikati ya vijiti vya kuchomelea. Amekifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Ni vile vitabu vya kujiboresha (kwenye mabano, vile vya kukuambia kesho utaamka mtu mwingine).

Spana akacheka mpaka akakohoa.

— Mzee, vile vitabu mimi navijua. Nilikuwa nacho kimoja, kinasema amka saa kumi alfajiri uwatangulie wenzako. Nikaamka siku nne. Siku ya tano usingizi ukanichukua chini ya gari la mteja, mwenye gari akaja akaliwasha. Kidogo anisage! Hicho ndicho kitabu cha kubadilisha maisha?

— Wewe ulikisoma mara moja tu. Neno lisomwe mara saba, linatoka kwenye karatasi linaingia kwenye damu.

— Basi wewe uliyesomesha miaka thelathini, tukikuchoma sindano si utatoka wino?

— Nakuambia kitu cha kisayansi, wewe unaleta mzaha.

— Haya, sayansi na mimi ninayo. Kwa nini vitabu vipya vinanukia vile? Wanapulizia kitu. Unafungua ukurasa, unavuta, umekwisha. Unakuwa mpole kama kondoo.

— Mbona wachapaji wanaoivuta harufu hiyo mchana kutwa wanagombana kila siku?

Spana akafikiri kidogo, kisha akainua kidole.

— Basi ni pacha. Yule pale siye Radi. Radi halisi yuko mahali amejifungia, huyu ni pacha wake aliyelelewa kwa watu wapole.

Kipara alikuwa anafuta wembe. Kwenye droo yake, chini ya boksi la nyembe, alikuwa na vitabu vya namna hiyo vitatu. Kimoja cha kujiamini, kimoja cha kusikiliza, kimoja cha ndoa. Hakuna hata kimoja alichokisoma kupita ukurasa wa ishirini. Nyumbani kwake hapakuwa na kelele wala ugomvi. Palikuwa na "umekula?" na "nimekula," na mlango wa chumbani, na asubuhi nyingine. Alikuwa ameshaamua kwamba vitabu hivyo ni ulaghai mtupu. Ila jana alilisikia lile neno moja, "hujaumia," kwa masikio yake, na tangu hapo wazo hilo lilikuwa halimkai sawa.

Ndipo walipomwona Radi anavuka barabara, anafuta mikono kwa kitambaa, anakuja kwao. Akawasalimu, akakaa palipopasuka. Mzee Mabano akammiminia kahawa bila kuulizwa, na Radi akakishika kikombe kwa ile mikono yake yenye makovu ya cheche, akakitazama tu.

Kipara akashindwa kuvumilia.

— Radi, ndugu yangu. Tuambie ukweli. Ni kitabu?

— Ni kitabu.

Mzee Mabano akajipiga paja.

— Si nilisema! Haya, kinaanzaje? Kimeandikwa kwa mtindo gani?

— Hata sijui, mwalimu. Mimi kusoma sijui.

Hapo benchi lote likapoa. Miaka kumi na tano wanakunywa kahawa pamoja. Kipara akakumbuka jinsi Radi anavyochora mageti yake kwa chaki sakafuni, na jinsi anavyowaambia wateja waandike vipimo wenyewe "ili wasije wakamlaumu." Alikuwa ameyaona mambo hayo kila siku, na hakuwahi kuyaona.

— Nilikikuta chini ya mto wa binti yangu, Radi akaendelea. Huyu mkubwa, anayesomea uuguzi. Nilikuwa natafuta chaja ya simu. Nikamwita, mwanangu, hiki ni cha masomo? Akaanza kutetemeka. Nikamwambia, nimeuliza swali tu, nisomee jina lake. Akakataa. Nikapandisha sauti. Ndipo akasoma.

— Kinaitwaje? Mzee Mabano akauliza.

Radi akanywa kahawa kidogo.

— Kinaitwa Kuishi Nyumba Moja na Mtu wa Hasira.

Spana, ambaye hucheka hata kwenye foleni ya zahanati, alikuwa anatazama viatu vyake.

— Nikamwambia, endelea. Akasoma. Kinasema, akirudi nyumbani, sikiliza kwanza anavyofunga mlango, hapo utajua usiku wako utakuwaje. Jamani! Mtu aliyeandika hajawahi kuniona. Hajui ninakoishi, hajui ninachomelea nini. Lakini mlango wangu anaujua! Akasoma mbele. Kinasema, kijiko kikianguka, nyumba nzima inanyamaza. Nikainua macho, nikamwona mke wangu amesimama pale na ungo mkononi. Nikamwuliza, ni kweli? Aliinamisha kichwa tu, hivi. Kwamba ndiyo.

— Yarabi, Mzee Mabano akasema taratibu.

— Na binti yangu alikuwa amepiga mistari kwa kalamu. Kurasa kwa kurasa. Akawa ananionyesha, hapa ni wewe, baba. Na hapa. Na hapa. Mimi natazama ile mistari, siwezi kusoma hata neno moja, lakini naona ilivyo mingi.

Kipara akasogea karibu.

— Ukafanyaje?

— Nikatoka. Nikaushika mlango niubamize, kama kawaida yangu. Mkono ukasita. Nikajiambia, huko ndani sasa hivi wanasikiliza. Wamekaa wanasikiliza nitakavyoufunga. Nikaurudisha polepole, kama unamfunika mtoto aliyelala. Nikasimama nje pale sijui kwa muda gani. Halafu nikaufungua tena, nikarudi nikakaa. Nikamwambia, mwanangu, nisomee chote.

Akakigeuza kikombe mkononi. Mtu akapita na baiskeli, akawasalimu, akaenda zake.

— Kila asubuhi kabla hajaenda chuoni ananisomea ukurasa, wakati mwingine kurasa mbili. Leo ni siku ya ishirini na sita. Kukaa kwangu na binti yangu dakika kumi bila kelele, nilikuwa sijawahi.

— Na hasira imekwisha? Spana akauliza, na sauti yake haikuwa na mzaha tena.

— Wapi! Jana ilinipanda mpaka hapa. Nikasema, ngoja kwanza nimwone huyu mtu kama ni mzima. Geti ni chuma, na chuma nakijua, nitakinyoosha. Ila juzi, jamani... Juzi tunakula, kijiko kikaanguka. Kikalia sakafuni, paa! Binti yangu akainama akakiokota, akaendelea na hadithi yake ya mwalimu wao wa chuo. Hakunitazama. Hakunyamaza. Akaendelea tu kuzungumza.

Akajifuta uso kwa kile kitambaa chenye grisi, akajiachia mstari mweusi shavuni.

— Akaendelea tu kuzungumza, akarudia, kama mtu aliyeona mlima umehama.

Mzee Mabano akaanza, kwa hiyo tunaona kwamba kitabu (kwenye mabano..., akakwama hapo. Alifungua mabano, akashindwa kuyafunga. Spana naye akasema huenda ni kile kitabu, huenda ni kule kusomewa, huenda ni yule binti kupata ujasiri wa kumsomea baba yake jina la kitabu. Akasema yeye hajui tena. Kipara hakumbuki kama aliwahi kumsikia Spana akisema hajui.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mtu wasiyemfahamu, mwanaume wa makamo mwenye begi la fundi umeme magotini, anangoja zamu ya kunyolewa. Walikuwa wamemsahau.

— Samahani, akasema, mimi ni mpita njia tu. Nimeyasikia, nimeshangaa sana. Sasa na ninyi wengine, watu wa nyumbani kwenu wanasoma kitabu gani?

Aliuliza kwa nia njema kabisa, kama anayeuliza njia ya kwenda sokoni.

Mzee Mabano akafunika chupa yake ya kahawa. Spana akatazama barabarani, na hapakuwa na gari hata moja. Radi peke yake ndiye aliyekuwa na jibu, naye alishalitoa. Akashukuru kwa kahawa, akavuka barabara kurudi kwenye geti lake lililokunjamana, na baada ya muda wakasikia nyundo inapiga, taratibu, kwa vipimo.

Kipara akamkaribisha mgeni ndani, akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine ya kunyolea. Akaizima.

— Ndugu, nipe dakika moja tu.

— Bila wasiwasi.

Akasogea dirishani, akampigia mkewe. Simu ikaita, ikaita.

— Kuna nini? mkewe akauliza kwa hofu, maana mchana Kipara huwa hapigi.

— Hakuna kitu. Nilitaka kukuuliza. Siku hizi unasoma nini?

Akasikia maji yanatiririka upande wa pili, kisha bomba linafungwa.

— Unauliza kwa kutaka kujua, au unauliza tu?

— Nataka kujua.

Kipara akaibana simu sikioni.

— Basi ngoja nikae, mkewe akasema.

Kipara akasikia kiti kinavutwa, naye akatafuta mahali pa kukaa.