Ratiba ya Wageni wa Kochi

Benchi ni langu na kahawa ni yangu, ila maneno ni ya hao wanaume watatu, na sina mamlaka nayo. Benchi limekaa kwenye kona, kati ya karakana ya makochi na ukuta wa duka la vioo, na kila jioni wakishafunga kazi hujipanga pale kama nguo kwenye kamba. Kochi ni fundi wa kuvalisha viti, ndevu zake hazikosi vipande vya sponji. Lifti hutengeneza lifti. Rangi ni mpaka rangi, na hata aoge vipi, sikio moja lazima libaki jeupe. Ukiinua shingo kidogo juu ya mabati unaliona lile ghorofa refu la katikati ya jiji likiota jua la mwisho. Siku hiyo Kochi alikuwa halitazami kabisa. Marafiki zake wa utotoni, ambao hawajawahi kukanyaga jijini, walikuwa wanafika kesho yake.

— Wote watatu, Kochi akasema, kikombe hajakigusa. Jamaa yangu fundi baiskeli, mkewe, na dada yake.

— Sasa si furaha hiyo? nikamwuliza. Mbona umenuna hivyo?

— Dada, wewe hujui niliyowaambia.

— Umewaambia nini?

— Kwenye simu, miaka yote hii. Wakiniuliza jiji likoje, nawaambia. Nimekaa hapa hapa kwako, nawaambia niko juu ya lile ghorofa napunga upepo. Nawaambia Jumapili naenda ukumbi wa muziki, nakaa mbele kabisa.

— Ukumbi ule uliuingia lini? Rangi akadakia.

— Viti vyake viliingia karakanani kwangu. Si karibu ni sawa?

Nilicheka, halafu nikamwona usoni nikaacha. Mtu mzima yule alikuwa anaogopa. Hapa kwetu yeye ni Kochi tu, lakini huko kwao ndiye aliyelishinda jiji, na kesho wangekuja kujionea wenyewe. Nilimhurumia, ingawa uongo alijitungia mwenyewe.

Lifti akajisogeza.

— Usijitie presha, bwana. Ghorofa refu niachie mimi. Nimefika juu kabisa mara nyingi mpaka nimechoka.

— Kunaonekanaje? Kochi akauliza.

— Giza.

— Giza vipi?

— Mimi napanda nikiwa nimesimama juu ya paa la lifti, siyo ndani na wenye tai. Ni giza na nyaya tu. Lakini subiri. Karibu na kileleni kuna mahali upepo unapenya ndani ya shimo la lifti, unaimba. Siwadanganyi, unaimba! Nikifika pale huwa nasimamisha mashine, nakaa tu nasikiliza. Wageni tunawapandisha kwenye hilo paa, tunazima tochi, tunanyamaza wote.

— Utawaua watu wa watu, nikasema.

— Nitawafunga mikanda, dada, kwani mimi mtoto?

Rangi akatikisa kichwa, hakutaka kumwachia Lifti sifa zote.

— Mkishuka mnakuja hotelini kwangu.

— Tangu lini una hoteli?

— Ile kubwa, jirani na ghorofa. Dari ya ukumbi wake nani alichora? Anga lote lile, mimi. Nililala chali juu ya jukwaa la mabomba mpaka mgongo ukasahau kusimama. Mawingu ya pale nayajua moja moja.

— Na ukumbi wenyewe ni mzuri? Kochi akauliza, na kwa mara ya kwanza akachukua kikombe.

— Ukumbi sijauona. Sakafu ilifunikwa nailoni kila mahali, na siku ya kuifunua sisi tulishaondolewa.

— Kwa hiyo wageni wangu watazame nini?

— Walale chali! Tunavua viatu, tunalala wote katikati ya ukumbi, kimya. Upande wa dirishani kuna wingu moja nililifunga kilemba. Yule ni mama yangu, Mungu amrehemu. Msimamizi hakugundua. Nitawaomba wageni wamwamkie.

Hapo hata mimi niliacha kukoroga sukari. Nilijiona nimelala kwenye sakafu nisiyoijua, miguu wazi, namwamkia mama wa watu, naye ananiitikia taratibu. Jioni ilikuwa imelainika, na hata pikipiki zilizopita zilionekana hazina haraka.

— Halafu usiku, Kochi akasema polepole, ukumbi wa muziki.

— Viti vyako.

— Viti vyangu. Vile vya mbele vililetwa vimechanika vibaya. Nilipovipindua kuvipiga misumari, nikaandika majina yao chini, kwa chaki. La jamaa, la mkewe, la dada yake. Nikasema basi, hata wasipokuja, wana mahali pa kukaa jijini.

Lifti alipenga kamasi akasingizia vumbi.

— Muziki ukiisha, akasema, tunarudi ghorofani. Nasimamisha lifti zote kwa pamoja. Jamaa yako anatoa kengele ya baiskeli, anaipiga mle shimoni. Inashuka, inashuka, mpaka chini kabisa. Kila ghorofa watu wanafungua milango, wanaulizana nani amekuja.

— Wanajibiwa nini?

— Wageni wa Kochi!

— Na mawingu yangu yanatoka darini, Rangi akaongeza, yanawasindikiza mpaka stendi.

Tulicheka sana, mpaka hatukumwona mtu aliyesimama na begi mbele yetu. Alikuwa na viatu vipya vilivyomwumiza na tabasamu la mtu aliyepotea mara kadhaa.

— Samahanini. Kwa fundi makochi ni hapa?

Kochi aliruka, kahawa ikamwagika yote. Walikumbatiana wakapigana migongo hadi nikaogopa wataniangushia jiko. Ndiye fundi baiskeli; kumbe walipata basi la mapema. Mkewe na dada yake walikuwa wamejinyoosha kwa binamu yao, naye uvumilivu ukamshinda. Tukampisha katikati ya benchi, nikampa kahawa, na hao watatu wakammiminia ratiba nzima kwa pupa: upepo unaoimba, mama wa mawinguni, kengele. Majina ya chini ya viti Kochi hakuyataja. Fundi baiskeli alisikiliza macho yanameremeta. Halafu akauliza:

— Na kupanda huko tunaanzia wapi?

— Uchochoro wa jenereta, Lifti akasema. Kuna ngazi za chuma.

— Hotelini tunapita jikoni, Rangi akasema. Ukishayavuka mapipa ya taka umefika.

— Mke wangu magoti yanamsumbua, ngazi za giza hataziweza. Mlango wa mbele uko upande gani?

Rangi aliligeukia lile ghorofa akalikazia macho. Mimi nilijifanya nafuta vikombe. Tulikuwa tumezeeka katika jiji hilo, na sote tulishikwa na aibu, maana mlango wa mbele hakuna aliyewahi kuupita.

— Sijui, ndugu yangu, Kochi akasema hatimaye. Sijawahi kuingia. Juu sijapanda, na muziki ule sijausikia hata siku moja. Nilikudanganya.

Fundi baiskeli alimtazama. Akavua kiatu kimoja, akaukanda mguu, akashusha pumzi.

— Afadhali, akasema. Njia nzima nilikuwa naogopa nitakuwa mshamba peke yangu.

Kochi aliinamisha kichwa, mabega yakamtetemeka, na sikujua kama analia au anacheka. Mwenzake akamwekea mkono shingoni akauacha hapo. Nikainua birika niwaongezee, lilikuwa tupu.

— Kesho siuzi kahawa, nikawaambia. Mnipitie hapa asubuhi, tukautafute huo mlango.