Albertina Nchamo na Gunia Alilolibeba Miaka Minane

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemlaza leo alizaliwa Pundanhar tarehe 3 Mei 1923, kifungua mimba wa mama yetu Catarina. Alisoma miaka miwili kwa masista wa misheni, akatoka anajua kusoma, kuandika, na kumjibu mtu kwa upole mpaka akose la kusema.

Tarehe 14 Juni 1941 alifunga ndoa na Henrique, mchukuzi wa mizigo bandarini Mocímboa da Praia. Vita vilipoanza mwaka 1964 walirudi Pundanhar kulima.

Agosti 1966 alifika Mreno mmoja na askari, akikusanya vinyago vya mapiko, vile vinavyovaliwa kichwani katika ngoma ya jando, kwa ajili ya makumbusho ya kwao. Huko, tulisikia, kinyago hufungiwa kwenye kioo, bila ngoma wala mchezaji. Vijiji viwili vilikuwa vimeshapokonywa. Chetu alikichonga babu, na bila hicho vijana wetu wasingetoka jandoni kwa heshima. Narciso, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye anayewasomea haya, alikishonea guniani akampelekea.

"Dada, muhogo huu. Usiufungue."

"Mbona unatetemeka? Muhogo unauma?"

Kwa mila yetu mwanamke hukiona kinyago kikicheza uwanjani tu. Kikishavuliwa ni siri ya wanaume. Mreno alilijua hilo, tena alikuwa ameliandika kitabuni mwake. Akapekua nyumba zote za wanaume mpaka darini. Albertina akampitia mbele, gunia kichwani, akamwamkia vizuri. Abudo wa Palma, mkalimani wa Mreno huyo, alitusimulia baadaye amri aliyoitoa bwana wake: "Wanawake waacheni wapite, hao hawagusi vinyago." Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma.

Tangu hapo Albertina alihama na gunia hilo porini. Mabomu yalipoanguka aliacha vyungu, akaacha nguo, gunia hakuliacha. Septemba mwaka huu bunduki ziliponyamaza, alilirudisha likiwa limeshonwa vilevile. Oktoba vijana walitoka jandoni, na hakuna aliyecheza kumshinda Albertina.

Kichomi kilimshika tarehe 2 Novemba. Siku ya nne alimwita Narciso.

"Lile sikio la kushoto limeliwa na mchwa. Nimelipaka mafuta ya nyonyo kila mwaka, lakini sasa linataka fundi."

"Dada, umelionaje?"

"Sasa mdogo wangu, ningekihatarishia roho kitu nisichokijua?"

Alifariki Jumamosi tarehe 9 Novemba 1974, alfajiri. Ameacha mume, watoto watatu, Inês, Palmira na Germano, wajukuu saba, na mdogo wake mmoja, ambaye jana alishinda akilitengeneza sikio.

Dada Albertina, tua mzigo, upumzike kwa amani.